Chai ya Wima

Baba yangu hanywi chai amekaa. Hukishika kikombe akasimama mlangoni, macho barabarani, na ukigeuka kumletea sukari ameshaondoka. Miaka yote ya kazi alikuwa msoma mita za maji, akizunguka mitaa kwa miguu, na wenzake walimbandika jina la Mguu Njiani. Alipostaafu tulidhani jina litabaki ofisini. Wapi. Na tangu mama afariki mwaka jana ndiyo kabisa: ukimkuta kitini, jua anafunga kamba za viatu.

Kuna neno moja hataki hata kulisikia. Mwambie, "Baba, pumzika kidogo," uone anavyochukua kofia yake na kutoka bila kuaga. Mimi niliuita ukaidi, na kwa kuwa ukaidi wenyewe nimeurithi kwake, hatukukosa la kugombania.

Basi akaamua kuifuata ile njia ndefu ya milimani, ambayo watu huitembea wiki nzima na zaidi, wakilala kwenye vibanda vya mbao. Goti limevimba, na moyo wake daktari ameshautilia shaka. Niliogopa atadondokea huko porini. Siku ya kuondoka nikasema mpaka sauti ikakauka, mwisho nikamwambia, "Nenda basi, si hutaki kusikia." Nikambembeleza mjomba, mdogo wake mama, amsindikize. Mjomba ni seremala mwenye kitambi, hata dukani hutuma mtu.

"Kazi yako ni moja, mjomba," nilimwambia. "Baba apumzike. Akipumzika tu, nijulishe."

"Na mimi atanipumzisha nani?" aliuliza, ila alikwenda.

Ya siku ile nilisimuliwa na mjomba baadaye. Waliondoka na umande, baba mbele, akizitafuta alama za rangi nyeupe kwenye miti kama anatafuta namba za nyumba. Mjomba nyuma, malengelenge miguuni, anahema.

"Shemeji, tukae pale kwenye jiwe."

"Jiwe limelowa."

Mbele kidogo wakakuta gogo kavu.

"Gogo lina sisimizi," baba akasema.

"Shemeji, hata sisimizi wamekaa. Wewe una nini?"

Baba akaongeza mwendo. Mchana ulipoanza kupoa wakafika kibandani: kuta tatu, paa la bati, benchi moja na jukwaa la mbao la kulalia. Mtu mwingine angejibwaga. Baba alifagia, akaenda kijitoni kuteka maji, akarudi, akatoka kutafuta kuni, akarudi, akagongelea msumari uliolegea ambao haukuwa wake. Hatimaye akaegemea mzigo avue viatu, akavua kimoja, na usingizi ukamchukua hapohapo. Mjomba karibu apige makofi. Mtandao ulikuwa unashika mahali pamoja tu, juu ya mwamba ulio nyuma ya kibanda, akapanda akaniandikia, akashuka, naye akalala.

Mimi nilikuwa kazini kwa dobi, napiga pasi. Simu ikalia. Ujumbe ulisema: "Hatimaye mzee amepumzika. Kesho tunashuka naye."

Niliusoma kama ambavyo ungeusoma wewe. Pasi niliiacha juu ya shati la mteja mpaka ikatoa moshi. Nikapiga simu, hapatikani. Nikapiga tena na tena, hapatikani. Mume wangu ni fundi pikipiki, akaja na pikipiki ya watu iliyokuwa gereji, tukashika barabara ya magari ya mbao inayoishia chini kidogo ya kibanda cha kwanza. Njia nzima nililia kwa ajili ya ile "nenda basi" yangu. Sikutaka iwe ndiyo ya mwisho.

Jua lilikuwa bado halijazama. Nilipanda mbio, kilemba mkononi, na wa kwanza kumwona alikuwa baba, amesimama kando ya moto, kiatu mguu mmoja, anakoroga chai.

Akanitazama. "Nani amekufa?"

"Wewe," nikamwambia, nikakaa chini.

Mjomba akausoma tena ujumbe wake, sasa kwa sauti, akajipiga kofi la paji la uso. Mume wangu akacheka, mjomba akacheka, na mimi nikacheka huku nalia. Baba hakucheka. Aliendelea kuikoroga ile chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Nesi naye alisema hivyohivyo," akasema. "Alitoka wodini akaniambia, mama amepumzika. Nikamshukuru. Nikamwambia mwache alale, nitamngoja hapahapa. Nikakaa kwenye benchi, roho imetulia, nikanunua na chai. Nilikaa sana, mwanangu. Mpaka walipopita naye amefunikwa."

Mjomba, ambaye hakosi neno, akaanza kupanga kuni zilizokwisha kupangwa. Mimi nilikuwa sijui. Mwaka mzima nilikuwa namrushia neno lile asubuhi na jioni, nikidhani namhurumia.

Nikamimina chai, nikalivuta benchi karibu na moto. Sikumwambia apumzike.

"Njoo ukae na mimi, baba."

Akalitazama benchi, akaitazama njia inakokwenda. Kisha akakaa, ukingoni kabisa, kikombe mikononi. Alikunywa taratibu mpaka chini, nami nikawa nangoja kumwona akiinuka. Akaninyooshea kikombe.

"Ongeza," akasema.