Siku Rehema Alipougua Malaria Mbele ya Kijiji Kizima

Jamani, mkiniona nacheka leo msidhani siku ile nilicheka. Siku ile nililia, tena nikiwa na usipa, wale dagaa wa ziwani kwetu, hadi kwenye nywele, mbele ya padre, mbele ya mama yangu mzazi na mbele ya kijana mmoja wa kwaya ambaye jina lake silitaji (ana mke na watoto sasa, tumwache).

Ilikuwa enzi zile za ruksa, maduka yameanza kujaa vitu, na mfanyabiashara mmoja wa mitumba, Kaka Festo, alikuwa anashuka kutoka Mbinga na marobota yake hadi kwetu Kihagara, na katikati ya nguo hakosi vitabu vya hadithi. Humo ndimo nilimopata mfululizo wa Kijana Asiye na Kivuli, habari za Jabu aliyeibiwa kivuli na mizimu, na Rehema, mwanafunzi wa sekondari, anayempenda hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nipo tu nyumbani, basi nikawa nawasomea kina mama wanaoanika usipa ufukweni. Walinogewa! Jirani yetu Mama Oda, ambaye hata taarifa ya habari hasikilizi, alikuwa ananisimamisha njiani: "Mwanangu, Jabu amepata kivuli?"

Kitabu cha mwisho kilipofika nikafanya uamuzi mmoja mdogo: sikukifungua. Nilitaka nishtuke pamoja na wenzangu, nikatangaza kwamba nitakisoma Jumapili tukitoka kanisani, pale pale kwenye vichanja vya samaki. (Sifa, jamani. Sifa ndiyo iliyonisukuma.) Watu wakaja kwa mitumbwi hadi kutoka vijiji vya jirani, padre akaletewa kiti.

Nikasoma. Rehema akafika kwenye lango la mizimu, Jabu kafungwa kamba, watu hawapumui, nikafunua ukurasa wa mwisho kwa mbwembwe zote na mdomo ukasoma kabla akili haijauzuia: "Rehema akazinduka. Nesi akamwambia, pole, ulikuwa na malaria kali. Hapakuwa na Jabu wala mizimu. Mwisho."

"Soma vizuri," akasema Mama Oda.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Umeruka kurasa!"

"Ameruka!" wakadakia wengine, na mama yangu (aliyenizaa!) akasimama: "Wewe mtoto, toa kurasa za watu!"

Nikarudi nyuma, wakasogea, nikarudi tena, na kichanja kikanipokea, kikavunjika, tukaenda chini wote, mimi na usipa wa Mama Oda, na gauni langu jeupe la Jumapili likawa linameta magamba. Yule wa kwaya alicheka mpaka akakaa chini.

Hapo sijui nilipandwa na nini. Nikasimama juu ya miti iliyovunjika, machozi yananitoka, usipa unanidondoka masikioni, nikapaza sauti: "Rehema hakuwa na malaria! Huyu mwandishi kachoka tu! Mwisho nawapa mimi!"

Nikawapa. Rehema alichomoa panga, akakikata kivuli chake mwenyewe katikati, nusu akamtupia Jabu, akamwambia, "Vaa." Mizimu ikapiga mayowe, lango likapasuka, na tangu siku hiyo wakitembea bega kwa bega kivuli chao ni kimoja kizima, wakinuniana kila mtu anabaki na kipande, ndiyo maana hawanuniani muda mrefu.

Mama Oda akafuta macho kwa pindo la khanga. "Sasa huo ndio mwisho."

Vigelegele! Nikabebwa juu juu na harufu yangu ya samaki, na padre (nilijua atanikemea kwa habari za mizimu) akauliza, "Na ndoa walifungia wapi?"

"Hapa hapa kanisani kwetu, padre," nikamjibu, makofi yakaanza upya.

Baadaye sana, stendi ya Mbinga, nikamkuta binti anasoma kitabu kile kile. Nikamwambia asijisumbue, mwisho wake ni malaria. Akanitazama kwa huruma.

"Dada, hukuelewa. Ukurasa ule ni wa uongo, kila mtu anajua. Rehema alikata kivuli."

Nikamshukuru kwa kunielewesha, nikapanda gari huku nimevimba kichwa. Lakini kusoma mbele za watu kitabu ambacho sijachungulia mwisho wake, hapana, sirudii, na nikirudia basi iwe mbali na vichanja.