Matundu Niliyoyaziba Walthamstow

Sikwenda London kutembea. Watu wa Mwembe Tayari walinicheka, eti Gulamu wa mabati naye anakwenda kupiga picha na Malkia. Nilikwenda kwa sababu ya barua ya mdogo wangu Rajabali, aliyefukuzwa Kampala pamoja na Wahindi wenzetu, akaishia London akiwa na mke, mtoto mmoja na masanduku mawili. Aliandika hivi: "Kaka, Zehra anakohoa tangu baridi ianze. Nyumba inatoa maji kama jasho. Wakubwa wa hapa wanasema kifua tumekuja nacho kutoka Afrika. Wewe ni fundi. Njoo."

Mimi bwana, shule niliacha darasa la tatu. Lakini tangi la maji juu ya nyumba yoyote ya maana hapa Mombasa, uliza nani kalitengeneza. Nina karakana, nina gari, nina vyumba sita vya kupangisha kule Majengo, na vyote vimetoka kwenye mikono hii. Nikafunga mkasi wangu wa bati ndani ya shati, nikautia sandukuni, nikapanda treni hadi Nairobi, na Nairobi nikapanda ndege.

Asubuhi ya kwanza, Walthamstow. Treni ya chini ya ardhi ilitushusha, mimi na Rajabali, mwisho kabisa wa njia yake. Nyumba za huko zimeegemeana mtaa mzima. Ukipiga chafya, jirani wa tatu anakuombea afya. Rajabali alinipeleka chumbani kwa mtoto. Ukuta nyuma ya kitanda ulikuwa mweusi kwa ukungu, na Zehra, mtoto wa miaka mitano, anakohoa kama mzee wa tumbaku.

"Karibu, Shemeji," alisema Sakina, mke wa Rajabali. Kampala alikuwa mwalimu. London anashona kola kiwandani. "Usiegemee ukuta, utaloa."

Sikuhitaji kuambiwa upepo unaingia wapi. Chini ya ukuta, na tena juu karibu na dari, kulikuwa na matofali yenye matundu, baridi inapita kama imekaribishwa. Nilicheka. "Hawa ndio waliotutawala? Hata ukuta hawajui kuuziba!" Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimekata madebe ya samli ya Sakina, yale yenye picha za ng'ombe, na kupigilia bati juu ya kila tundu. Rajabali akawasha hita ya mafuta ya taa, chumba kikawa Mombasa.

"Hakuna fundi kama kaka yangu," alisema. Sikumkatalia.

Siku ya nne, maji yalikuwa yanatiririka kutani hadi sakafuni. Alfajiri midomo ya Zehra iligeuka rangi ya zambarau. Gari la wagonjwa likamchukua, na mimi nikabaki nimekaa kwenye ukumbi wa hospitali, kofia mkononi, nikiwalaani Waingereza na hali ya hewa yao.

Siku ya sita alikuja bwana afya wa halmashauri, tai shingoni na faili kwapani. Alifunua sufuria za Sakina. Alinusa bizari. Alihesabu magodoro. Ukuta hakuugusa. Akasema maneno yake, na Sakina akanitafsiria, sauti imenyooka kama ya darasani.

"Anasema tunapika mno, na usafi wetu haujafika. Anasema kifua cha namna hii kilikuwa kimekwisha hapa. Sisi ndio tumekirudisha."

Damu ilinipanda. "Mwambie yeye na baba yake..."

"Matusi sitafsiri, Shemeji."

"Basi mtafsirie ngumi hii."

"Na hiyo kaa nayo."

Yule bwana alipotoka, Sakina akavaa koti. Sikuwahi kumwona mwanamke mwenye hasira akiongea taratibu kiasi kile. "Kama kilikwisha," alisema, "basi kilikuwapo. Twende maktaba."

Maktaba, mchana huohuo. Mama wa pale alitutolea kutoka stoo taarifa za kale za daktari wa afya wa mji, za mwanzo wa karne hii, kabla ya vita vya kwanza vya Mjerumani. Ni vitabu vya vifo: wamekufa wangapi, wa nini, wa mtaa gani. Sakina alisoma kwa kidole. Kifua kikuu. Nimonia. Surua. Watoto wachanga na kuhara wakati wa joto. Kisha kifua tena, na kifua tena, kurasa kwa kurasa, kama mwalimu anayeita majina na wanafunzi wote hawapo.

"Wahindi wangapi humo?" niliuliza.

"Hakuna hata mmoja. Na mtaa wetu huu hapa, umetajwa kwa jina."

Nilipiga meza hadi yule mama akanikodolea macho. Watoto wao wenyewe, weupe, wamekufa ndani ya kuta hizihizi! Halafu leo mtu na tai yake anakuja kunusa bizari!

Mara kidole cha Sakina kikasimama.

"Endelea," nilisema.

"Daktari analalamika hapa. Wenye nyumba hawatengenezi mifereji ya paa, kisha wanasema wapangaji ni wachafu. Na wapangaji..." Alinitazama. "Wapangaji wanaziba matundu ya hewa kwa matambara, kwa sababu ya baridi, na unyevu unakosa pa kutokea."

Nilimwambia aseme tu lililomo moyoni mwake.

"Sisi hatukutumia matambara, Shemeji. Tulitumia madebe ya samli."

Jioni ile niliyang'oa mabati yote kwa mkono wangu, nikajikata vidole viwili wala sikujali. Kisha nikatoka nje na, kwa mara ya kwanza tangu nifike, nikaangalia juu. Mfereji wa paa ulikuwa umeoza na kupasuka, sawasawa juu ya ukuta wa mtoto. Mimi! Fundi bati! Nilihisi baridi nikasahau paa. Nilitaka kupanda papo hapo, lakini Sakina akanizuia: "Ukiutengeneza wewe, mwenye nyumba hatatengeneza wa mtu mwingine yeyote."

Asubuhi alirudi maktaba akanakili ukurasa ule kwa mwandiko wake mzuri, tukaupeleka ofisini kwa bwana afya.

"Hayo ni ya zamani," alisema.

"Mwambie ukuta haujui kuhesabu miaka." Hilo Sakina alilitafsiri.

Bwana afya alirudi kesho yake. Safari hii aliweka kiganja ukutani, akakitoa kimeloa, akakifuta kwa leso bila kututazama. Kabla sijaondoka, ngazi ya mafundi ilikuwa imesimama mbele ya nyumba. Zehra alirudi kutoka hospitali amekonda, bado anakohoa kidogo, akauliza nani kaiba picha za ng'ombe wa samli ukutani kwake.

Kurudi, ndani ya ndege, sikulala kwa hasira. Bwana afya nilikuwa nimeshamaliza naye. Aliyenikera ni mtu mwingine, aliyekaa kwenye kiti changu mwenyewe. Masika yaliyopita Mama Mwanaisha, mpangaji wangu wa chumba cha nne, alinijia mara tatu: ukuta umeloa, kifua kinambana. Nilimjibu, "Fagia, Mama. Uchafu ndio unaoleta kifua."

Mombasa, kutoka stesheni, sikwenda nyumbani. Nilipitia karakana nikachukua ngazi, nikaenda Majengo na suti yangu ya safari.

"Bwana Gulamu! Umerudi kutoka Ulaya?" Mama Mwanaisha alikohoa, akajishika kiuno. "Umeniletea ufagio wa huko?"

Niliegemeza ngazi ukutani. Nilichojifunza London ni kidogo: kabla ya kumwita mtu mchafu, panda juu ya paa lake. Nikapanda. Mfereji ulikuwa umepasuka kutoka pembe hadi pembe, na kwenye bati lake, chini ya kutu, kulikuwa na mhuri wa karakana yangu.