Tuzaliwe wa Ngapi Ndipo Tukatae?

Jumamosi tulikuwa Zombe, kwenye mashine ya unga, tukingoja kusagiwa mahindi. Admini wa kikundi chetu cha mtandaoni alikuwa ameshika simu, tayari kumwondoa mama mmoja. Sisi wa kikundi hicho tunaamini kwamba tabia ya mtu hutokana na nafasi yake ya kuzaliwa. Mama huyo, aliyeketi papo hapo juu ya gunia lake, alikuwa ameandika kwamba kitinda mimba wake, kinyume cha nadharia yetu, si mvivu hata kidogo.

"Unabisha kwa sababu wewe ni kifungua mimba," admini alimwambia. "Mnapenda kutawala."

"Mimi ni wa kati, na ninakubaliana naye," akasema mwingine.

"Wa kati hufuata upepo."

Mimi huwa sisemi mbele ya watu, lakini nikauliza, "Na mimi kitinda mimba nikikataa?"

"Nyinyi mnataka kubembelezwa tu."

"Basi mwaitu, mama yangu," nikamwambia admini, "tuzaliwe wa ngapi ndipo tukatae?"

Mwenye mashine aliizima ili acheke vizuri. Admini alikaza uso, halafu naye akacheka na kuitia simu mfukoni. Hakuondolewa mtu.

Bado ninaipenda nadharia yetu, hasa sasa inaporuhusiwa kukosea.