Siku Nilipofuta Kanda ya Majina

Ndugu zangu, kuna aibu ambayo ikishapita mtu anaicheka, lakini hii yangu ya biro ya Lilongwe, hata leo nikiisimulia natazama chini, kwa hiyo mnivumilie.

Wakati ule vita ya kwetu ilikuwa bado inaleta watu Dzaleka, kambi ya wakimbizi karibu na Lilongwe. Mi nilikuwa nimesoma mambo ya kompyuta kidogo kule Bukavu (kidogo, nasema, ila kambini nilijiita enjenia), na biro moja ya kutafuta ndugu waliopotezana njiani ikanichukua nisaidie. Watu walikuja, wakasimulia wamepoteza nani na wapi, nasi tukaandika moja kwa moja kwenye mashine, kompyuta ya Unix, bila karatasi, na kila Ijumaa yote yakanakiliwa kwenye kanda moja ndogo, ile ile siku zote, ili mashine ikifa maneno yabaki.

Basi mashine ikafa. Umeme ulikatika, diski ikaungua, ikawekwa mpya, ikabaki kazi ya kurudisha kila kitu kutoka kwenye kanda. Nikatoa amri ya kusoma, kifaa cha kanda kikakoroma, halafu kwenye kioo: imeshindikana. Mkubwa wetu, Bwana Phiri, Mmalawi mpole, akaniambia, "Pengine kichwa cha kusomea kina vumbi. Tusubiri fundi wa Blantyre na kanda ya kusafishia. Usiguse."

Nisubiri vipi, na nje watu wa Dzaleka waliofika na lori kuulizia habari zao wananitazama dirishani, na mimi enjenia wao? Niliona haya kusema sijui. Nikajiambia, nijaribu kuandika kitu kidogo kwenye kanda. Kifaa kikiandika, basi ni kizima. Kanda ikakataa, ati imefungwa isiandikwe. Hapo njo ningeelewa. Kale kafungio ka plastiki pembeni mtu alikasukuma makusudi, ili mjinga kama mimi asiandike juu ya maneno ya watu, lakini mi nikadhani nimeupata ugonjwa wenyewe, nikakasukuma upande wa pili kwa ukucha, nikarudisha kanda ndani, ikajipeleka mwanzoni, nikaandika neno moja, "jaribio", na kioo hakikulalamika.

Nikafungua dirisha nikapaza sauti, "Imepona!" Wamama wakapiga vigelegele, mtu akaanza wimbo wa kanisa, Bwana Phiri akaja kunishika mkono akishukuru kwa lugha ya kwao, "Zikomo, zikomo kwambiri," watu wakajaa mlangoni waone. Mbele yao wote nikaamuru mashine isome kanda, nayo ikasoma vizuri kabisa: jaribio. Chini yake hakuna kitu. (Kanda ukiiandika mwanzoni, mashine inaweka alama ya mwisho papo hapo, na yaliyo mbele haiyaoni tena, hilo nililijibu vizuri kwenye mtihani.)

Wimbo ukakatika. Nikatafuta uongo, sikuupata.

"Nimefuta," nikasema. "Yote."

Mzee Baruani wa Kindu, mmoja wa wale wa lori, akauliza polepole, "Hata mke wangu?"

Nikaitoa kanda, nikakarudisha kale kafungio mahali pake.

Fundi wa Blantyre alipofika alijaribu, akatikisa kichwa. Bwana Phiri hakunifukuza. Alinituma Dzaleka nikaanze upya, nyumba kwa nyumba, mimi mwenyewe niulize. Wengine walinifungia mlango, na walikuwa na haki. Nilipofika kwa Mzee Baruani nikaambiwa ameshaondoka kuelekea Afrika Kusini, na yale aliyotuambia juu ya mke wake, hakuna hata mmoja wetu aliyeyakumbuka sawasawa.

Mama Furaha wa Fizi alinipa kiti, akakaa mbele yangu.

"Nilisema mara moja," akasema, "nikaapa sitasema tena. Unajua inauma aje, kutaja batoto yangu?"

"Pardon, mama."

"Pardon iache. Andika."

Akasimulia tangu kijijini kwake, njia ya msituni, mtumbwi, mkono ulioponyoka majini, na alipofika kwenye jina la mdogo akasimama, akanywa maji, akaendelea mpaka mwisho, nami naandika machozi yakidondoka.

Mpaka naacha kazi ile hatukuwa tumepata habari ya watoto wake. Tangu hapo, mtu akiniuliza nisichokijua, nasema sijui, kwa sauti, hata mbele ya umati, na wakitaka kunicheka wacheke.