Limau la Mama wa Dawa

Tangu maduka ya dawa ya watu binafsi yaruhusiwe, Mombo tunalo moja, na mama mwenye duka hauzi hata kidonge kabla hajatoa somo. Mgonjwa wa mkanda wa jeshi, yale malengelenge ya virusi yanayouma kama moto, akifika, yeye hukata peasi la Lushoto vipande viwili, kimoja akakipaka limau, kisha hulamba kisu taratibu akisubiri. Kile kikavu kikianza kugeuka kahawia, sauti yake hushuka kama anamsengenya jirani: "Umeona? Oksijeni hiyo. Virusi vikiingia kwenye seli za mishipa ya fahamu, oksijeni huwa kali mle ndani, ikaziunguza hivi hivi." Juzi mzee Leboo, mfugaji wa Handeni, alisikiliza kwa adabu, akakitazama kipande cha limau kilivyobaki cheupe, akafunua shuka na kujisugua limau kwenye malengelenge ya ubavuni. Ukelele wake uliwafanya abiria wa basi lililosimama nje waache mishikaki. Mama alizunguka kaunta mbio, akammwagia maji, akawa anampuliza ubavu kama mtoto.

"Mzee wangu, nani kakutuma?"

"Si wewe, mwalimu?"

Peasi bado anakata. Limau analifungia kwenye kabati la sumu.