Mzinga Usiorinwa

Mimi ni mwalimu wa uraia hapa Kitahana, na mdomo wangu umeniponza mara nyingi. Safari hii uliniponza kwenye kikao cha walimu. Wilaya ilitaka kila shule ilete askari mstaafu azungumze na wanafunzi juu ya uzalendo, nami nikaropoka, "Baba yangu alipigana vita vya Kagera. Nitamleta!"

Loo! Baba huyo hakuwahi kutusimulia vita hata siku moja. Ukimuuliza, anachukua kofia anakwenda kukagua mizinga yake ya nyuki. Nilimbembeleza wiki nzima. Mwishowe akasema, "Haya, nitakuja. Lakini nikikwama usinicheke." Hapo nikaogopa kweli. Aibu yangu ningeivumilia. Mzee wangu kulia mbele ya watoto, hapana.

Siku ilipofika alivaa koti lenye nishani, akawasalimia kwa Kiha, "Mwakeye," huku akipiga makofi taratibu kama ilivyo adabu yetu. Afisa wa wilaya kakaa mbele na daftari lake. Baba akaanza vizuri: "Tulifika mpakani na mizinga yetu..." Akakwama, akawa anapapasa nishani kifuani. Nikajilaani kimoyomoyo.

Ndipo binti mmoja wa kidato cha kwanza akanyoosha mkono.

"Shikamoo babu. Hiyo mizinga mliibebaje bila nyuki kuwauma ninyi kwanza?"

Hakuna mwanafunzi aliyecheka, maana huku kwetu mzinga ni wa nyuki, basi! Wote walingoja jibu. Aliyecheka ni baba. Alicheka hadi akashika meza.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hata mimi! Kamanda alipofoka, 'Leteni mzinga!' mimi nikatazama juu ya miti. Mwenzangu, kijana wa Tanga, akanishika kichwa akanigeuzia kwenye lile bomba kubwa la chuma la kurushia makombora. 'Ewe Muha, huu hauna asali!' Akanitania hivyo kila siku, mpaka siku aliyouawa. Alikuwa ameahidi vita vikiisha aje kwetu, aonje asali ya mzinga wa kweli."

Watoto walicheka, kisha wakatulia wenyewe. Afisa alisahau kuandika.

Mimi nililia, sifichi. Shambani kwetu kuna mzinga mmoja ambao baba hakubali urinwe. Utotoni nilichapwa kwa kuusogelea, na miaka yote nilidhani ni uchoyo tu wa mzee.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamuuliza, "Baba, ule mzinga ni wa nani?"

"Wa mgeni," akajibu. Alikuwa mchangamfu, anatembea mbele yangu kama kijana. Tulipofika kwenye mti wenye mzinga ule akasimama, akausikiliza kidogo.

"Mgeni wangu amechelewa mno," akasema. "Kesho tuurine. Yule binti aonje kwa niaba yake."