Fundi wa Majengo na saa iliyochelewesha misa

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi. Mtaa wa Majengo, mjini Mpanda, ndiyo kwanza unaamka, na Josephat Thadei tayari ameinamia meza yake, chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya kikifuka mkononi. Moshi unampanda puani, anapiga chafya, anajifuta kwa mkono wa shati, kisha anaurudia waya uleule.

Mbele yake zimesimama taa nne za kioo, kila moja ukubwa wa kikombe cha kahawa. Ndani ya kila taa mna nyaya kumi zilizokunjwa umbo la namba, sifuri hadi tisa, zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Waya ukipata umeme, namba yake inawaka rangi ya kaa la moto. Kazi ya Josephat ni kubuni njia ya huo umeme: uende kwenye namba ipi, na kwa kiasi gani.

"Ukizidi, taa inakufa. Ukipungua, namba inawaka nusu," anasema. "Na volti mia na sabini si za kuchezea. Zimeshanirusha sana, muulize mke wangu."

Romana, mkewe, anakoroga uji nje ya mlango. Anajibu bila kugeuka: "Siku ile alikaa chini akacheka peke yake kama mwehu. Nikasema haya, leo nimeachwa mjane."

Josephat ni fundi redio, mzaliwa wa Majimoto. Ujanani alikuwa msaidizi wa mafundi simu mjini Tabora, na huko ndiko alikozijua swichi za mitambo ya zamani, zile zinazoruka hatua moja kila zinapopigwa umeme. Taa alizitoa kwenye chombo cha maabara kilichouzwa kama chuma chakavu. Umeme anaupata kwenye betri ya lori, akiupandisha kwa kifaa alichoking'oa ndani ya redio kuukuu. Kila dakika saa ya kawaida ya ukutani inagusanisha nyaya mbili, swichi inaruka, namba inabadilika.

Padri Celestin wa parokia ya jirani alipoiona saa hiyo ya taa alifurahi kama mtoto. Akaitundika karibu na kamba ya kengele, akamwagiza mgonga kengele, Mzee Yohani, aifuate na aache kukisia kwa jua.

Jumapili iliyopita mambo yakaharibika.

Josephat alikuwa ameifunga ihesabu kama saa za reli, kutoka sifuri mpaka ishirini na tatu. Misa ni saa moja asubuhi. Saa ya mishale kila mtu ameizoea; mshale ukikaa kwenye saba, jicho linasoma moja bila kuuliza. Namba inayowaka haina mshale. Saa moja ilipotimia taa ziliandika 07 00, na nje mawingu ya masika yalikuwa yamelifunika jua. Mzee Yohani akakaa na kamba yake, akiisubiri moja.

"Niliambiwa saa moja, mie nasubiri moja," anasema mzee huyo, hasira bado haijamtoka. "Ikaja saba, ikaja nane. Nikasema hii mashine imelewa, ila Padri kasema niifuate. Nyie mngefanyaje?"

Waumini walinyeshewa nje ya mlango uliofungwa, ambao hufunguliwa kengele ikilia. Wengine walicheka, wengi walinuna, na wazee wa kanisa wakataka saa iondolewe siku hiyohiyo. Padri akawasihi wampe fundi wiki moja aichukue akairekebishe. Ikikosea tena, inashuka ukutani, na Josephat amemwahidi kaka yake Maximilian kwamba atafunga karakana arudi Majimoto kulima mpunga.

"Kaka ananiambia, mdogo wangu, taa haziliwi," anasema, akijitahidi kutabasamu.

Kuirudisha nyuma saa sita tu hakutoshi. Ikipita kumi na mbili ingekwenda kumi na tatu, na hapa Mpanda nani anasema saa kumi na tatu? Kwa hiyo wiki nzima amefumua njia ya masaa na kuisuka upya, ili swichi ikitoka kumi na mbili irukie moja, na taa ya kushoto izimike kabisa.

"Nilitengeneza saa nikawasahau watu," anasema. "Mimi mwenyewe ukiniuliza saa nakujibu moja. Ile saba sijui niliitoa wapi."

Jumapili. Taa zinaandika 12 59. Mzee Yohani ameishika kamba, midomo ameibana. Josephat amekataa kuingia. Yuko nje, mgongo kautegemeza ukutani. Kunasikika mlio mdogo wa swichi. Taa ya kushoto inazimika. 1 00.

Mzee Yohani anaitazama mara mbili. Kisha anavuta kamba kwa nguvu zake zote.

Nje, Josephat anakaa chini palepale kwenye matope na kulia, hajali nani anamwona. Romana anamshika mkono. "Inuka, baba. Misa imeanza."

Baada ya misa anazungumzia saa nyingine, ya wodi ya hospitali, ambayo wagonjwa wataisoma wakiwa kitandani. Taa hana bado, atatafuta. Na ahadi aliyompa kaka yake?

"Kaka alime tu," anasema, sasa anacheka kweli. "Mimi kesho nafungua karakana. Majimoto nitakwenda wakati wa kula."